Mkasi Kwenye Picha ya Saga

Mimi bado nimekasirika, nisiwadanganye.

Chumba chetu cha kumbukumbu kiko nyuma ya stoo ya zamani ya pamba, si mbali na Rodi Kopany. Humo naweka vitu vya wakulima wa hapa: majembe yaliyolika, mizani ya chama cha ushirika, na picha, hasa picha. Watu wananiita mwokota takataka. Lakini mtoto wao akiulizwa shuleni babu yake alilima nini, asubuhi wanabisha kwangu.

Picha ya saga aliileta mama mmoja kutoka Sindo. Saga ni ile kazi ya zamu, leo tunapalilia kwako, kesho kwangu. Wamesimama kwenye shamba la njugu, na katikati yuko mjomba wangu. Nyuma yake, mkono begani kwake, yule mama akanionyesha dada yake. Mama yangu. Alifariki nikiwa bado nanyonya, na nyumbani hakuna aliyewahi kuwa na picha yake. Nimeota mvi ndipo namwona mama yangu uso kwa mara ya kwanza! Nililia, na sioni haya kusema.

Wiki hiyohiyo mjomba akafa. Kwetu mtu hazikwi bila programu, kijitabu cha mazishi chenye uso wake kwenye jalada, na mjomba alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Mwanawe, binamu yangu, akaja kuazima ile picha. Ningemnyima vipi? Nikamwambia, "Itoe kopi, uirudishe leo."

Akairudisha kwenye bahasha. Wakulima wamesimama vilevile, na katikati yao kuna tundu.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Omera, ndugu yangu, studio walitaka uso wa mzee peke yake. Nikakata, kisha nikapunguzapunguza pembeni."

"Ukapunguza? Na hivyo vipande?"

"Si walifagia."

Walifagia! Jamani, mtu ana simu mfukoni, kila jioni anapiga picha ya ugali wake na samaki, halafu ya mama yangu anaichukulia mkasi! Nilikwenda studio mbiombio. Kijana wa pale akanionyesha shimo la taka nyuma ya duka. Moto ulikuwa umeshapita.

Wazee wakanivuta kando, wakasema nisiharibu matanga, hiyo ni picha tu. Picha tu! Nilinyamaza kwa heshima ya mjomba, si kwa heshima yao.

Siku ya mazishi kila mtu alishika programu. Wakajipepea nazo, wakazikalia, wengine wakafungia njugu. Walipoondoka nikapita kati ya viti nikiziokota huku nikiwatukana kimoyomoyo. Moja nikaipangusa vumbi. Hapo ndipo nilipoona, begani kwa mjomba, ukingoni kabisa mwa jalada, vidole vya mtu. Mkasi ulikuwa umeviacha.

Niliipeleka ile programu kwenye chumba cha kumbukumbu, nikaiweka kando ya picha yenye tundu. Siku chache baadaye binamu yangu akapita, akaiona, akacheka.

"Hata programu ya juzi nayo ni mambo ya kale?"

Nikamshika mkono, nikakiweka kidole chake pale begani kwa baba yake.

"Msalimie shangazi yako," nikamwambia.