Mwanya wa Marehemu

Nashukuru kwamba bado nina kazi katika studio yetu ya picha hapa katikati ya Nairobi, kwa sababu juzi nilistahili kufukuzwa.

Tangu tuache filamu, kompyuta yetu ina programu mbili za kurekebisha picha. Ile rahisi inang'arisha picha na kuondoa mikwaruzo. Ile ya mafundi wakubwa inafanya kila kitu, nami nilimwambia mdosi wangu, Bi Achieng, kwamba naijua vizuri. Ukweli ni kwamba nilijua kuifungua tu.

Mzee Kamau wa Mutuini akaleta picha ya marehemu mkewe, ikuzwe kwa ajili ya mazishi. Ilikuwa na mkwaruzo shavuni. Programu rahisi ingetosha, lakini nikafungua ile kubwa, nikafuta makunyanzi, na nilipoona meno ya mbele yameachana, nikayaunganisha. Nilijiona daktari.

Mzee aliinamia kompyuta kuitazama kazi yangu.

"Kijana, huyu ni nani?"

"Ni mama, mzee. Nimemtengeneza kidogo."

"Na mwanya wake uko wapi? Mimi nilimpendea huo mwanya."

Bi Achieng akasogea. "Mrudishie."

Nikabonyeza hapa na pale, jasho likinitoka, hadi mama akabaki kibogoyo.

"Madam, hii programu siijui," nikasema.

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu aingie, akavuta kiti akaketi karibu nami.

"Afadhali umesema. Picha yangu ya karatasi si bado iko? Anza upya na ile unayoijua. Nitangoja."