Mkono wa Sweta Usioisha

Nikipata harufu ya sweta mbichi inayokaukia karibu na moto, hata nikiwa kwa watu, mimi hucheka kwanza. Halafu kicheko hukatika. Wacha niwaeleze kwa nini, lakini msinihukumu upesi. Nilikuwa darasa la tatu.

Kwetu ni Githongo, upande wa juu, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi. Nyanya, mama yake baba, ambaye tulimwita Juju, alikaa peke yake kwenye nyumba ya mbao, hatua chache kutoka yetu. Alifuma kwa spoki mbili za baiskeli alizonoa juu ya jiwe. Uzi aliutoa kwenye sweta kuukuu za mitumba: alizifumua, akaufua ule uzi, akauzungusha kwenye mgongo wa kiti ili unyooke, maana uzi uliowahi kuwa sweta hujikunja kama mtu aliyezoea kitanda chake.

Mwaka huo alikuwa ameanza kusahau. Githeri aliitia chumvi mara mbili. Mimi aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nami nikaitika tu. Baba akasema, "Siku atakayosahau moto, tutajuta." Ikaamuliwa shangazi, aliyekaa mtaa wa Dallas kule mjini Embu, aje Jumamosi amwone, na akikuta mambo ni mabaya aende naye. Juju hakutaka hata kusikia.

"Huko hata kuku hana pa kuchakura," alisema. "Nitatazama ukuta, ukuta unitazame."

Na wakati huo alikuwa ananifumia sweta ya shule. Mwili uliisha, mkono wa kwanza ukaisha, ukabaki wa pili. Nikitoka shule ananiambia, "Kagendo, lete mkono," anapima, anaona umefika kwenye kifundo, tunafurahi sote wawili. Kesho yake nikamkuta bado anafuma. Keshokutwa mkono ule ulinifika gotini!

Shangazi akiuona mkono huu, nikawaza, safari ya Dallas imeiva. Basi jioni, Juju alipoenda kumkatia mbuzi majani, nilichomoa spoki, nikafumua yote yaliyozidi, nikarudisha vitanzi kimoja kimoja huku nimeuma ulimi, na uzi nikauviringa kwenye donge lake. Ikawa ndiyo kazi yangu. Mchana anafuma, jioni nafumua. Nilijiona nina akili kushinda daktari.

Jumamosi shangazi akaja na mkate na soda, tukakaa jikoni kwa Juju. Kabla hajaulizwa lolote, Juju akaiweka ile kazi mapajani, akamwambia polepole, "Mwanangu, nipeleke tu."

Baba akashtuka. "Mama, si ulikataa?"

"Kila siku nafuma hadi vidole vinauma. Kesho yake naukuta mkono umerudi palepale. Kichwa changu kimeisha. Nikibaki hapa nitawachomea watoto nyumba."

Nikauweka mkate chini. Nikapiga kelele: "Ni mimi ninayefumua, Juju! Ulikuwa umenifika gotini!"

Juju akanitazama.

"Kumbe panya anayenilia uzi ni wewe!"

Akacheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa leso. Baba, ambaye hakupenda mambo yaishe hivyo, akasema, "Lakini mama, bado ulisahau kuacha."

"Kusahau kuacha kazi ni ugonjwa?" Juju akamjibu. "Basi wewe una afya njema sana."

Shangazi alimwaga soda kwa kicheko. Kesho yake alirudi Embu peke yake. Tulikubaliana Juju asiwashe moto bila mtu, na mimi nihamie kulala kwake. Alikaa nasi misimu mitatu mingine ya kahawa, hadi siku ambayo hakunijua tena kwa jina lolote.

Kwa miaka nilisimulia kisa hiki kama kichekesho, mimi nikiwa shujaa. Juzi tu nilikosa ufunguo mahali nilipouweka kwa mkono wangu mwenyewe, kumbe ninayekaa naye ameusogeza. Kwa dakika ile moja niliogopa akili yangu kama mtu aogopavyo nyoka ndani ya nyumba. Nikamfikiria Juju, mzee, kila asubuhi na ile sweta, hana wa kumwambia. Nilitaka kumfichia kusahau kwake, kumbe nilimnyang'anya hata yale aliyoyakumbuka sawasawa.

Hakunigombeza Jumamosi ile. Wengine walipotoka kuangalia kahawa, alinivuta nikakaa karibu naye, akaniuliza nilifumua mara ngapi. Nikamwambia mara nne.

"Nne," akasema, akinishika mkono. "Hata mimi nilihesabu nne."