Droo Zilizofungwa Vizuri Mno

Jina la Chokochoko alipewa na mama yake, maana tangu utotoni hakukiona kitu asikichokonoe. Alipokua akawa fundi wa mbao, na kazi yake ya kwanza kuwekwa mbele za watu ilikuwa kabati la droo tupu katika ukumbi wa maktaba. Ukivuta droo au ukiisukuma, inatoa sauti: mtu anacheka, mtu anapiga chafya, mtu anabisha hodi. Raha kwelikweli. Tatizo, hakuna aliyevuta.

Watu walikuja, wakatazama, mikono nyuma. Akabandika karatasi: TAFADHALI VUTA. Wakaisoma kwa heshima, wakaenda zao. Jamani! Na mkutubi mkuu alishasema: likibaki pambo tu mpaka leo jioni, linang'olewa, linapelekwa stoo.

Mchana uvumilivu ukamwisha. Akavuta droo tatu mfululizo mbele ya wasomaji. Kicheko, chafya, hodi.

"Mmeona? Haziumi!"

"Huyo ndiye mwenyewe," bibi mmoja mwenye miwani akamnong'oneza jirani yake. "Ana ruhusa."

Chokochoko akaziacha wazi, akajibwaga kwenye benchi. Machozi ya hasira yalimlengalenga.

Ndipo mama yake akaingia, kavaa nguo zake za kutokea, kaja kuona kazi ya mwanawe. Naye mikono nyuma!

"Mama, gusa basi!"

"Nikuaibishe mbele za watu? Nitaangalia tu." Akaangalia, akakunja uso. "Lakini wewe mtoto, mpaka leo unaacha droo zimekenua hivi?"

Akaenda kuisukuma moja. Kabati likapiga chafya.

"Mama yangu wee!" Akaruka nyuma. Akaivuta tena, akaisukuma tena, akacheka mpaka akashika mbavu. Bibi wa miwani naye hakustahimili kuiona nyingine imebaki wazi, akaja kuifunga.

Jioni kulikuwa na foleni, na mkutubi mkuu yumo. Kabati likabaki.

Chokochoko bado alikuwa amenuna. Miezi yote ile anapiga msasa ili droo zifunge bila kuacha hata upenyo, kumbe ndicho kilichowafukuza watu! Akamwagiza mlinzi: kila asubuhi azifungue ovyo ovyo.

"Ovyo?" Mama aligeuka. "Na vile viboko vyote nilivyokuchapa kwa kuacha droo wazi?"

"Vilikuwa vya bure, mama."



"Basi nisamehe, mwanangu," akasema, na mkono wake ulikuwa tayari unaifunga droo.