Kiatu cha Kulia

Muuza viatu vya mitumba hatandazi jozi. Anaweka vya kushoto juu ya turubai, vya kulia vinabaki kwenye gunia, maana mwizi hana haja na kiatu kimoja. Mteja akipenda, unaingiza mkono guniani kukitafutia kile kiatu mwenzake. Kama mwenzake hayupo, unatafuta anayefanana naye. Sisi tulikuwa tunaita kufungisha ndoa. Bunda nilifungisha ndoa nyingi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nyingine zilivunjika kabla mteja hajafika stendi. Tulikuwa tunacheka.

Yule mama alikuwa mgeni, mzungu wa makamo aliyefundisha ushonaji Butiama. Mguu wake ulikuwa namba arobaini na tatu. Viatu alivyotoka navyo kwao viliisha kwa kokoto. Madukani Musoma vya kike vilikuwa vinaishia arobaini na moja, na vya kiume vilimpwaya. Kwa hiyo kila siku ya gulio alikuja kwenye soko letu la Kabasa, hapo Bunda, amevaa kandambili, akapita turubai moja baada ya jingine.

Mitumba watu wetu huiita kafa ulaya. Basi akitokea tu, vijana wanaanza: “Huyo! Amefuata nguo za marehemu wake!” Jirani yangu, muuza mashati, siku moja alimwinulia gauni. “Mama, hili si la bibi yako?”

“Bibi yangu alikuwa mnene,” yule mama akajibu kwa Kiswahili safi. “Hilo lisingemtosha.”

Hapo ndipo tulipojua kwamba siku zote alikuwa anaelewa. Hatukuacha.

Mimi alinichagua kwa sababu nilikuwa mtu mzima. Aliinama akaniambia polepole, “Baba, nina sukari. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Kiatu kikibana sitajua mpaka nione kidonda, na daktari amesema kidonda kimoja tu kinaweza kuuchukua mguu. Kwa hiyo wewe utanisikilizia.” Akashika mkono wangu, akauweka kwenye ncha ya kiatu alichokuwa anajaribu. “Papasa. Kidole kiko wapi?”

Alinifundisha kwamba mbele ya kidole lazima ibaki nafasi ya upana wa dole gumba langu. Kwa miezi miwili nilimwambia kweli. Hiki kinabana, mama. Hiki nacho vua. Alivua, akashukuru, akarudi gulio lijalo.

Lakini kila nikipiga goti mbele yake, vijana wanapiga mbinja. “Mzee, mkeo amekuja kukandwa miguu!” Walikuwa wanasema hivyo hata wake wa wazee wenzangu wa kanisa wakiwa wanapita. Ningesema neno moja tu, kwamba huyu ni mgonjwa, wangenyamaza. Sikulisema. Nilianza kumchukia yeye badala yao.

Siku moja kwenye belo la mitumba nililonunua Musoma nikakuta kiatu cheusi cha ngozi, cha kike, cha kushoto, arobaini na tatu. Nikachimba belo lote. Cha kulia kilikuwepo, aina ileile, ila kilikuwa arobaini na moja. Waliofunga belo walikosea. Nilikwangua namba kwenye soli, nikang’oa tabaka la ndani, nikakishindilia magazeti mabichi siku tatu kipanuke, nikapaka rangi. Nikamwambia muuza mashati, “Wiki hii namvisha. Hamtamwona tena.”

Cha kushoto kilimkaa vizuri kabisa. Nilipapasa, nikamwambia, na ilikuwa kweli. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Cha kulia nilikiingiza kwa mpini wa kijiko. Nikapapasa. Kidole chake kikubwa kilikuwa kimejikunja, na ukucha niliusikia umesukuma ngozi ya kiatu kwa ndani.

“Kimekaa sawa?”

“Kimekaa sawa, mama.”

“Una hakika, baba?”

“Utadhani kilishonwa kwa ajili yako.”

Akaondoka navyo miguuni. Muuza mashati akanipigia saluti, na mimi nikaipokea.

Gulio lililofuata hakuja, wala lililofuata. Nilipumua. Kisha dereva mmoja wa bodaboda kutoka Butiama akatuambia kwamba yule mzungu amelazwa Musoma, kwamba walianza na kidole, halafu wakakata chini ya goti. Nilisema pole yake, nikaendelea kupiga viatu rangi. Katika kipindi hicho nilikwenda Musoma mara mbili kuchukua belo. Zote mbili nilipita kwenye geti la hospitali, na zote mbili nilitazama upande wa pili.

Alirudi sokoni baada ya miezi kadhaa, kwa magongo, akiwa na mwanamke mmoja kati ya wale aliowafundisha kushona. Kwenye mguu uliobaki alivaa kiatu changu cha kushoto. Kilikuwa kimeng’arishwa, soli imeisha.

“Nataka cha kushoto tu,” alisema. “Kama hiki. Hiki kilikuwa kizuri.”

Muuza mashati hakuweza kuvumilia. “Mzee, leo umepata mteja wa nusu jozi!”

Nilicheka. Hakuna aliyenilazimisha. Yule mama alinitazama mpaka nikamaliza kucheka.

Nikamtafutia kiatu cheusi cha kiume, chembamba, namba yake. Nikapiga goti, nikamvisha, nikapapasa kama alivyonifundisha. Nafasi ya dole gumba ilikuwepo, tena ilizidi kidogo.

“Kimekaa sawa, mama. Haki ya Mungu.”

Alimgeukia yule mwanamke. “Papasa wewe.”

“Baba, tupishe kidogo,” mwanamke akaniambia.

Niliwapisha. Alipapasa kwa muda mrefu, kisigino, ubavuni, kisha kidole kimoja kimoja. Mimi nilisimama nyuma ya viatu vyangu mwenyewe, mikono nimeificha mgongoni.

“Kimekaa, mama.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Ndipo akakubali kusimama.