Zabibu na Machicha ya Tangawizi

Kwa miaka ishirini na miwili, mpima vifurushi wa posta aliandika katika daftari moja la jalada la kijani habari za kila keki ya Krismasi aliyoioka. Aliandika uzito wa unga, idadi ya mayai, aina ya makaa na muda wa moto. Katika safu ya mwisho, ile ambayo kwenye daftari za kazini huitwa "Maoni", aliandika walichosema wakweze baada ya kuionja. Safu hiyo haina mengi ya kusomwa. "Nzuri, haifikii ya Mama." "Imeiva sawasawa, haifikii." "Laini kuliko ya mwaka jana. Haifikii." Mwaka mmoja, alipokuwa na homa, aliandika neno moja tu: "Vilevile."

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kule posta aliketi nyuma ya kaunta ya mbao iliyochubuliwa na viwiko vya watu, mbele yake mizani ya shaba, na alikuwa akikipokea kifurushi mkononi anakutajia uzito wake kabla hajakiweka kwenye sahani. Mizani ilikuwa ya kumsadikisha mteja tu. Wateja walimtania kwamba ukimpa mkono wa salamu atajua umekula nini mchana. Yeye hakucheka sana. Aligonga muhuri, akaita anayefuata.

Kabla ya kuolewa, akiwa bado mchumba, alialikwa siku ya Krismasi katika nyumba ya mama mkwe wake. Alipewa kipande cha keki nyeusi kwenye kisahani cha maua. Alikula chote. Alikuwa amekula keki nyingi maishani, za mdalasini, za karafuu, za sukari iliyounguzwa, lakini hiyo ilikuwa na moto wa mbali ambao haukukaa ulimini. Ulikuja baadaye, umekwisha kumeza, ukapanda kooni taratibu. Alitaka kuuliza kuna nini ndani. Aliona haya, maana mchumba hahoji sufuria ya ukweni.

Mwaka alioolewa, miguu ya mama mkwe ilikuwa imeanza kuvimba, na kusimama jikoni kutwa kukawa adhabu. Bibi huyo, mrefu, wa sauti ya chini, mwenye mazoea ya kumaliza mazungumzo kwa kuinuka, aliamua kuigawa Krismasi. Mkamwana alipewa keki na biskuti. Binti yake, ambaye alikuwa amerudi kukaa nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, alipewa tofi na kinywaji cha tangawizi. Alisema kila mmoja awe na jiko lake, wasije wakagombania kijiko.

Mkamwana alikwenda na daftari lake jipya la kijani, akaketi kwenye kigoda, akaandika kila alichoambiwa. Siagi ipigwe na sukari mpaka iwe nyeupe. Sukari kidogo iunguzwe mpaka ianze kutoa moshi, ndipo itiwe maji. Hiyo ndiyo rangi. Sufuria iwekwe juu ya mchanga mkavu, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kwa sababu keki huivishwa na moto wa kichwani. Zabibu ziloweshwe usiku kucha. Hapo alisimamisha kalamu.

"Kwa maji, Mama?"

"Lowesha tu. Na kusoma kote huko, unauliza mpaka maji?"

Waliokuwepo wakacheka. Naye akaandika: maji ya vuguvugu.

Krismasi hiyo ya kwanza keki ilikatwa mbele ya wageni. Wifi yake, yule binti wa nyumbani, alitafuna, akatazama dari kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha akatoa hukumu. "Hii ni keki ya posta," alisema. "Imetoka mbali, na imefika imepondeka." Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Mume wa mkamwana, fundi redio, mtu mpole asiye na neno na yeyote, alicheka pia. Mpima vifurushi alinisimulia jambo hili kwa utulivu, lakini alipofika kwenye kicheko cha mumewe alirekebisha mkunjo wa kitambaa cha meza. Tangu siku hiyo ukweni waliacha kumwita kwa jina lake. Wakamwita Posta.

Posta na wifi yake hawakugombana kwa maneno. Walichofanya ni kutokanyagiana jiko. Mama mkwe na wifi waliishi nyumba ya mbele. Posta na mumewe nyumba ya nyuma. Kati yao palikuwa na ua wa saruji, bomba moja la maji na mfereji. Kila tarehe ishirini na mbili ya Disemba, baada ya tangawizi iliyopondwa kukaa siku mbili ndani ya maji pamoja na sukari, ndimu na karafuu, wifi aliichuja kwa kitambaa cheupe, akakamua mpaka mishipa ya mikono ikamsimama, akaenda kukung'uta machicha penye bomba. Yalibaki pale, manjano, yakinuka vikali, mpaka maji yayachukue. Na kila tarehe ishirini na mbili ya Disemba, Posta aliyaruka machicha hayo akiwa na bakuli la zabibu, akafungua bomba hilohilo, akaziosha.

Alichotaka si kitu kikubwa. Alitaka mama mkwe, kabla hajafa, aonje keki yake mara moja na aseme: hii ndiyo. Hakuhitaji sifa zaidi ya hapo. Kwa ajili ya maneno hayo mawili alikiazima kikombe cha bati ambacho bibi alipimia unga, akakipeleka posta na kukipima kwenye mizani ya shaba, kitupu na kilichojaa. Alibadilisha unga mara tatu. Aliuchekecha mchanga wa kuwekea sufuria kama vile nao ungeliwa. Aliongeza karafuu, akapunguza kungumanga, akaunguza sukari mpaka majirani wakauliza kama nyumba iko salama. Biskuti zake zilisifiwa. Watu wakamaliza sahani na kuomba nyingine. Keki ikabaki vilevile. Mumewe alimwambia, na alikusudia kumfariji, kwamba keki ni keki tu, mke wangu, mbona unajitesa. Yeye mwenyewe, kila mwaka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema haifikii.

Mwaka wa ishirini na tatu, mama mkwe alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu. Alimwita mwanawe kwa jina la marehemu baba yake. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Wifi alimvisha, akamlisha, akamwimbia. Hilo Posta analikiri bila kuulizwa, kwamba katika kumtunza mama, wifi hana deni kwa mtu.

Tarehe ishirini na mbili ya Disemba hiyo, saa tisa alasiri, wifi alikuwa amekwisha kuchuja tangawizi na amebeba mtungi kuupeleka ndani. Kitambaa chenye machicha alikiacha juu ya ndoo. Posta alikuwa jikoni kwake, zabibu zimo bakulini, birika linaanza kuimba. Akasikia kandambili zikiburuzwa uani. Mama mkwe, ambaye hakuwa amekanyaga jiko hilo kwa miaka, aliingia bila hodi, kile kitambaa kikiwa mkononi kimefungwa kama kifurushi. Aliketi kwenye kigoda. Akakifungua, akayamimina machicha yote juu ya zabibu, akatia kijiko cha sukari, akaanza kuyakandamiza kwa vidole, polepole, akihesabu kwa kunong'ona. Mikono iliyokuwa ikitetemeka kwenye kijiko cha uji haikutetemeka hata kidogo. Alipofika arobaini aliacha, akafunika bakuli kwa sahani.

Harufu ilikuwa imeshapanda. Posta alisimama kando ya birika lake, na ule moto wa mbali, alioonja mara moja tu akiwa mchumba, ukamrudia kooni. Alijua papo hapo, kama anavyojua kifurushi kilichofunguliwa njiani na kupunguzwa.

"Mama," alisema, "hili hukuniambia."

Bibi hakuinua macho. Alikuwa akijifuta vidole kwenye aproni ya mkamwana wake. "Na wewe usimwambie, mwanangu."

"Nisimwambie nani?"

"Yule wa posta. Amechukua mtoto, amechukua jiko. Akijua na hili, mimi nitabaki na nini?"

Birika lilikuwa likichemka kwa nguvu. Posta aliliepua kwanza.

"Hatajua, Mama," akajibu.

Bibi akaridhika, akainuka, akarudi nyumba ya mbele akiburuza kandambili zake.

Keki iliokwa siku iliyofuata, na mpishi wake hakuipima. Ukurasa wa mwaka huo hauna uzito wa unga wala muda wa moto. Ni ukurasa pekee wa namna hiyo katika daftari zima. Nilipomuuliza sababu, alisema alikwisha kupima vya kutosha. Alikuwa amepanga jinsi ya kusema. Angewaacha wale kwanza, aone nyuso zao, ndipo aeleze kwamba zabibu zililowekwa kwenye machicha ya tangawizi, na kwamba keki imetoka jikoni kwake, kwa mkono wake, kama zile ishirini na mbili zilizotangulia.

Siku ya Krismasi waliketi nyumba ya mbele. Palikuwa na mtungi wa tangawizi wenye vipande vya ndimu, sahani ya tofi zilizokatwa pembe nne, biskuti za nyota. Keki ikakatwa. Mumewe alitafuna mara mbili, akaacha kutafuna, akafumba macho. Wifi aliweka uma chini, machozi yakamlenga.

"Hii ya Mama," alisema.

Posta akafungua kinywa. Lakini wifi alikuwa hajamaliza. Akawaeleza wote kwamba siku ile ya kuchuja tangawizi, alasiri, alimwona mama kwa macho yake akitoka jikoni kwa Posta, mikono imelowa, ananukia karafuu, naye akadhani mzee amepotea njia tu. "Kumbe alikwenda kazini," alisema. "Jungu kuu halikosi ukoko." Watu wakapiga makofi. Mumewe akamwinamia mkewe, akamshika bega kwa upendo wa kweli, akamnong'oneza: "Umefanya vizuri kumwachia Mama."

Posta akaufunga mdomo wake.

Mama mkwe alikuwa bado anatafuna. Alimeza, akasubiri kidogo, kama anayengojea kitu kije kupanda kooni, na kikapanda. Uso wake ukatulia. Akaunyoosha mkono mezani, ukapita mbele ya sahani ya mkamwana wake, ukashika mkono wa binti yake.

"Hii ndiyo, mwanangu," alimwambia wifi. "Umeshika."

Wifi alicheka na kulia kwa pamoja, akasema mama anamsingizia, yeye hajagusa hata unga. Hakuna aliyegeuka kumtazama aliyeugusa.

Wiki hiyo Posta alijaribu kumweleza mumewe mara moja. Alimwambia kuhusu machicha, kisha akamwambia maneno ya bibi pale kwenye kigoda. Mumewe alikuwa na redio wazi mbele yake, waya mdomoni. Aliutoa waya, akasema mama ni mgonjwa, hajui asemalo, si vizuri kumwekea maneno. Kuhusu machicha hakusema kitu. Alifikiri, inaonekana, kwamba hilo ni jambo la upishi.

Katika safu ya Maoni ya mwaka huo, kwa mwandiko uleule ulionyooka wa kaunta, imeandikwa: "Imefika. Imekabidhiwa mtu mwingine."

Mama mkwe alifariki mwezi Machi. Kuhusu nia yake, wifi, niliyezungumza naye baadaye na peke yake, ana maelezo mengine: anasema mama hakuficha kitu, bali alikuwa akipika vyote mwenyewe, na alipovigawa alisahau kwamba kimoja kilikuwa kikilishwa na kingine. Inawezekana. Wifi hakuwepo jikoni alasiri ile, na mpaka leo hajui maneno ambayo mama alimwambia Posta. Alinieleza habari za machicha kama kumbukumbu ya utotoni iliyomrudia nilipomuuliza, mama akiyabeba kutoka sufuria moja kwenda nyingine, asione uzito wake. Sikumwongezea.

Disemba iliyofuata, tarehe ishirini na mbili, wanawake wawili walikutana penye bomba. Wifi alikuwa na kitambaa cheupe kilichovimba. Posta alikuwa na bakuli la zabibu. Msiba ulikuwa umewalainisha kidogo, na wifi akataka kutania kama zamani.

"Haya, Posta, mwaka huu tumerudi kwako. Tutavumilia."

Posta alikuwa akitazama kitambaa.

"Mbona unayaangalia machicha kama umedondosha pete humo? Unayataka?"

Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Kile ambacho nyumba nzima ilikililia tangu Machi kilikuwa kinadondoka matone kati yao, na mtu pekee aliyejua cha kukifanyia alikuwa yeye. Alikumbuka mkono ukipita mbele ya sahani yake.

"Hapana, wifi," alisema. "Mwaga tu."

Wifi akakung'uta. Machicha yakatandazika kwenye mfereji, manjano, yakanuka ua mzima. Posta akayaruka, akafungua bomba, akaosha zabibu zake, akaenda kuziloweka kwa maji ya vuguvugu.

Siku ya Krismasi alikata keki mwenyewe, akagawa vipande, akaketi. Kabla mtu hajameza alisema, kwa sauti ileile anayotajia uzito, "Haifikii ya Mama." Mumewe aliyekuwa amekwisha kufungua kinywa kusema, alikijaza keki.