Ambaye Hakumla Mbuzi wa Kiapo

Ukimkuta Felistas Adero leo kule Issenye, ameketi nyuma ya bodaboda na debe la mahindi mapajani, huwezi kudhani kwamba aliwahi kugombea uongozi. Ni bibi mwenye wajukuu. Anaishi jirani na binti yake Dorah, analima, anakwenda kanisani, na kila msimu anagombana na mbuzi wa majirani wanaoingia kwenye mihogo yake. Lakini ukikaa naye hadi chai ya pili, atakueleza kwamba aliwahi kushindwa uchaguzi, na atalisema hilo kwa fahari ambayo wengine huwa nayo wakisimulia harusi zao.

Ilikuwa Nyarosimbi, kilima kimoja cha upande wa Tarime, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Kewanja. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, dhahabu ilipokuwa ikichimbwa bado kwa sururu, kamba na ubishi. Watu walitoka kila upande. Wakurya walishuka na sururu zao, Wajaluo walipanda kutoka ziwani, wengine walivuka mpaka kutoka Kenya kwa shemeji zao na hawakurudi. Felistas alifika akiwa mjane. Mumewe Oduol alikuwa amekufa Shirati, na shemeji zake walikuwa wamekwisha kugawana shamba kabla matanga hayajaanuliwa. Alikuja na watoto wawili, Okal na Dorah, na karai moja la bati. Pale kilimani wakamwita Mama Okal.

Wanaume walishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu, wakapandisha mawe. Wanawake waliyaponda, wakayasaga, wakauosha mchanga wake chini kwenye kijito, mahali palipoitwa mwaloni. Kila mwanamke alikuwa na kidimbwi chake, na kila kidimbwi kilipata maji kwa mfereji mdogo uliotoka kijitoni. Mwenye mfereji alikuwa na kazi. Aliyezibiwa mfereji alijua kwamba amefukuzwa, hata kama hakuna aliyemwambia neno. Alikuta mawe yamejazwa kwenye mlango wa maji na karai lake limetupwa ukingoni, akafunga mzigo.

Aliyekuwa akiamuru mifereji izibwe ni Magige, mwenyekiti wa machimbo, mtu ambaye hakuna aliyekumbuka amechaguliwa lini. Alikuwa na vijana wenye marungu. Kila mwanamke alimpa sehemu ya mchanga wake, na aliyethubutu kuuliza kwa nini, mfereji wake ulizibwa. Watu walivumilia kwa sababu watu huvumilia. Kisha ukaja ukame mmoja mbaya, kijito kikawa chembamba kama mkia wa panya, na Magige akakigeuza chote kiende kwenye mwalo wake mwenyewe.

Siku ya tatu bila maji, Gati, mwanamke wa Kikurya aliyekuwa na kidimbwi kando ya Felistas, alianza kupiga karai lake kwa jiwe. Alilipiga polepole. Felistas naye akapiga lake. Baada ya muda mwalo mzima ulikuwa unalia. Wanaume wakatoka maduarani wakiwa weupe kwa vumbi, mbele yao Mniko, kijana mvuta kamba, mwenye mabega mapana na sauti ya upole. Wale vijana wenye marungu walitazama umati, wakatazamana, wakaweka marungu chini. Magige aliondoka Nyarosimbi jioni ile akiwa amejitwika godoro lake kichwani. Hakuna aliyempiga. Felistas anasema mpaka leo kwamba hilo godoro ndilo analolikumbuka zaidi, kwa sababu mtu aliyekuwa akibebewa hata kiti hakujua namna ya kulisawazisha.

Kumwondoa Magige kulichukua mchana mmoja. Lililofuata halikuwa na makarai wala shangwe.

Mzee Waitara, aliyekuwa akisikilizwa na koo zote za pale, alisema watu waliokwisha kumfukuza bwana huanza kuumana wenyewe. Lazima wafungwe pamoja. Akachinjwa mbuzi mweusi. Wanaume wakaingia ndani ya ua, kila mmoja akala kipande cha nyama na kutamka kwamba atakayemgeukia mwenzake, duara limfunike. Ni kiapo kizito. Mtu anayeshuka ardhini kila siku kwa kamba hakisemi mdomoni tu. Wanawake walikuwa nje ya ua wakisonga ugali. Kiapo si mambo yao. Waliachiwa kwato na utumbo.

Kesho yake walichagua. Walioitaka nafasi walisimama mbele, na watu wakajipanga nyuma ya yule wanayemtaka, wanaume na wanawake pia, kwa kuwa wanawake ndio walioanza kupiga makarai. Mstari wa Mniko ulikuwa mrefu kupita mingine yote. Wakakubaliana kwamba kila mwaka, ulezi ukishavunwa, watajipanga tena. Redio nayo siku zile ilikuwa ikisema kwamba nchi imerudisha vyama vingi, na watu wa Nyarosimbi walijiona wako sawasawa na wakati.

Mniko alikuwa mwenyekiti mwema. Hili Felistas hulirudia, asije msikilizaji akadhani vingine. Alirudisha kijito kwa wote, akapanga zamu, akakataa mchanga wa wanawake. Duara lilipoporomoka msimu wa mvua, alishuka yeye kwanza. Watu walimpenda, na mapenzi hayo yakaanza kumfanyia kazi bila yeye kuomba. Mtu mmoja akamchongea kigoda. Wachimbaji wa duara lake wakaanza kupewa zamu ya maji kabla ya wengine, naye hakukataa, kwani hakuna aliyelalamika. Siku moja Felistas alimwuliza kwa nini zamu yake imerukwa. Mniko akacheka kwa upole, akamgusa bega.

"Mama Okal, subiri. Mimi ndiye ninayewajua nyinyi wote."

Felistas akarudi kidimbwini kwake ameduwaa. Neno lile alikuwa amelisikia zamani, kwa sauti nyingine. Magige alipenda kulisema kila alipoulizwa jambo.

Ulezi ukavunwa. Mwaloni, habari ilikuwa moja tu.

"Hakuna atakayesimama," alisema Gati, huku akitikisa karai. "Nimemwuliza mume wangu Kisyeri jana. Anasema kusimama kushindana na Mniko ni kumgeukia mwenzako. Na yeye kesho anashuka duarani."

"Kwa hiyo tutapanga mstari mmoja?"

"Mmoja tu. Kama watoto wa shule wanaongoja uji."

Felistas alicheka. "Dada yangu yuko Migori, Kenya. Kule waliwahi kupanga miwili. Mstari aliojipanga yeye ulikuwa mrefu mpaka ukazunguka shule. Jioni wakatangaza kwamba mfupi ndio umeshinda."

"Nyinyi Wajaluo hata kuhesabu mnabishana!"

"Na nyinyi mnaogopa hata kupanga."

Gati akaacha kutikisa karai. Akamtazama kwa jicho la pembeni, kama anayepima mchanga kama una kitu.

"Simama wewe basi."

"Simama wewe, mwenye nchi."

"Mimi ni mke wa aliyekula mbuzi. Nikisimama nitalala nje na kuku. Wewe hukula. Na mume aliyekula huna."

 Felistas alitazama mfereji wake. Maji yaliingia kidogo kidogo, yakizunguka jiwe moja la mviringo alilolichagua mwenyewe siku ya kwanza. Hakuwa na shamba Shirati, hakuwa na ukoo Nyarosimbi. Okal na Dorah walikula kutoka kwenye maji yale. Aliyesimama zamani mbele ya Magige alizibiwa, na hao walikuwa wenye ukoo. Yeye nani angemfungulia?

Siku ya mkutano watu walikusanyika kwenye uwanda wa mawe yaliyokwisha kupondwa. Mniko alikaa kwenye kigoda chake. Mzee Waitara akasimama.

"Nani atasimama kushindana na Mniko?"

 Wanaume walitazama viatu vyao, na wasio na viatu walitazama vidole. Mtu akakohoa, wote wakamgeukia, akainua mikono: "Mimi nina kifua tu, jamani!" Watu wakacheka.

"Basi," alisema Waitara. "Tumemaliza kabla ya jua kuwa kali."

"Mzee Waitara, shikamoo."

"Marahaba, Mama Okal. Kuna nini?"

"Nasimama mimi."

Kilima kizima kikapiga kelele. "Mjaluo atutawale!" "Atatupikia omena mkutanoni!" "Mwanamke ashike machimbo? Kamba ataivuta nani, mura, kijana wangu?" Felistas alingoja. Aliwahi kuuza omena na samaki wengine sokoni Shirati. Alijua kwamba kelele zina pumzi yake na pumzi huisha.

"Omena nitawapikia," alisema zilipoisha. "Lakini vyombo mtajioshea wenyewe."

Mniko alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na maumivu, na hilo lilimwia Felistas gumu kuliko hasira.

"Mama Okal, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mniko. Ndiyo maana nasimama leo, kabla hujanikosea."

Waitara akapiga fimbo chini. "Mwanamke, kuna kiapo hapa. Tulisema hakuna wa kumgeukia mwenzake."

"Nilisikia, mzee. Nilikuwa nje ya ua, moshi machoni, nasonga ugali wenu. Mbuzi yule sikumla. Mlituachia kwato."

"Na utumbo!" Gati alipaza sauti kutoka nyuma.

 Mzee Waitara alikuwa mtu aliyeheshimu kiapo kuliko alivyopenda kushinda, na alijua kiapo kinamshika nani na hakimshiki nani.

"Ni kweli," alisema mwishoni, kama anayetapika mfupa. "Hakula. Asimame. Na mwingine yeyote ambaye hakula, aende atakako."

Watu wakajipanga. Nyuma ya Mniko mstari ulikwenda mpaka karibu na miti. Nyuma ya Felistas walikuja wanawake wachache wa mwaloni, halafu mlevi mmoja aliyetaka kivuli. Gati alichelewa. Alikuwa amesimama mbele ya mumewe, Kisyeri, wakitazamana kama watu wanaobishania bei ya ng'ombe. Kisha akavuka uwanda peke yake, akasimama nyuma ya Felistas na kumpumulia kisogoni.

"Leo nalala na kuku," alinong'ona.

Lakini Kisyeri hakwenda kwenye mstari wa Mniko. Aliketi chini pale pale alipokuwa. Mwanamume mwingine akaketi kando yake. Halafu mwingine. Mbuzi waliokuwa wamemla hakuwaruhusu kwenda upande wa pili, ila hakuna aliyewahi kuapa kwamba hataketi. Mniko aliwaona. Alitangazwa mshindi, watu wakapiga vigelegele, naye alikuwa bado anawatazama wale walioketi.

Asubuhi iliyofuata Felistas alishuka mwaloni na karai kichwani. Kabla hajafika aliona wanawake wamesimama bila kufanya kazi, akajua. Mlango wa mfereji wake ulikuwa umejazwa mawe. Lile jiwe la mviringo lilikuwa limetupwa mbali. Kidimbwi kilikuwa tope tupu.

Hakulia. Aliweka karai chini, akaanza kuwaza ni vitu gani angeweza kubeba na vipi angeacha, na kama Dorah angeweza kutembea mpaka Kewanja.

Mniko alishuka kilimani akiwa na wachimbaji wa duara lake. Mmoja wao, kijana aliyechangamka, akamwonyesha kwa kidole.

"Tumekusaidia, mwenyekiti. Wewe usingesema, tunakujua una huruma."

 Mniko alisimama ukingoni akitazama yale mawe. Mwaloni kulisikika maji ya wengine tu. Felistas anasema aliona mambo mawili, faraja na aibu, yakipita usoni mwa Mniko, na kwamba mpaka leo hana hakika ni lipi lililotangulia. Kuyaacha mawe pale kungekuwa rahisi. Hakuwa ameamuru kitu. Angeweza kugeuka tu, apande juu, anywe uji, na mwaka mwingine hakuna ambaye angemwuliza zamu, ambaye angesimama, ambaye angeketi.

Akakunja suruali, akaingia kwenye tope.

Alianza na jiwe la juu, akalirusha kando. Akachukua la pili. Yule kijana aliyechangamka alisema, "Mwenyekiti, acha, nitakutolea," na Mniko akamjibu bila kuinua kichwa, "Uliyaweka wewe. Ingia." Wakayatoa pamoja. Gati akaenda kuliokota lile jiwe la mviringo, akalileta akilipangusa kwenye kanga yake. Alikuwa na unyoya wa kuku kichwani, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mniko aliinuka, mikono imejaa matope.

"Mwakani utasimama tena?"

"Mwakani asimame mwingine. Mimi nina kazi."

"Wote walikula mbuzi."

"Basi mwambie Mzee Waitara achinje mwingine," alisema Felistas, "na safari hii tuingie ndani ya ua, tuape kwamba kusimama si kumgeukia mwenzako."

Mniko alitaka kucheka, akakosa. Akatikisa kichwa, akapanda kilimani. Kigoda chake kilikuwa kinamngoja, na hakuna mwaloni aliyejua kama angekikalia.

Walijipanga mara tatu zaidi pale Nyarosimbi kabla dhahabu ya juu haijaisha na watu kutawanyika. Felistas hasemi ilikuwaje mara hizo, ila kwamba mstari haukuwa mmoja tena. Anapenda kuishia asubuhi ile. Maji yaliingia kwenye kidimbwi chake yakiwa mekundu, yamebeba udongo wa wote waliokuwa juu yake. Akalirudisha jiwe mahali pake. Akaketi ukingoni, akayangoja yatulie, kisha akachovya karai.