Dihe Haina Dume

Yagana alizeeka akichota dihe, ule utando wa kijani unaoelea kwenye maji ya magadi, ambao wanawake wa Kanem, kule Chad, huuanika mchangani hadi uwe mikate ya kutia mchuzini. Mwanaume hakanyagi maji yale. Akikanyaga, dihe inakuwa tasa. Hilo Yagana alilinyonya kwenye ziwa la mama.

Sasa binti yake Kellu karudi kutoka chuoni na mambo yake.

"Mama, dihe siyo hata mmea. Mshubiri wako pale mlangoni ndio mmea: una mizizi, majani yamejaa maji, una maua, na ndani ya ua mna dume na jike. Dihe ni kidudu. Hakina dume wala jike. Kinajikata vipande tu, na kila kipande kinakua."

"Kisicho na mume kinakuwaje tasa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe!"

"Nitokee hapa, usinitie wazimu."

Wazimu ulishaingia. Asubuhi Yagana alisimama majini kati ya wanawake wenzake na karai zito, kiuno kikimuuma, hajui amwamini nani. Pale ukingoni mumewe, Mbodu, akakunja suruali.

"Mke wangu, Kellu kaniambia haina dume. Niingie nikupokee?"

Maisha yake yote Yagana alitamani kuyasikia maneno hayo. Wanawake wote wakamgeukia yeye, naye akamfokea mumewe:

"Rudi nyuma, we mzee! Utatuulia dihe!"

Mbodu akaurudisha mguu haraka, akayaomba maji radhi. Yagana akalibeba karai peke yake, na safari hii hakujua analibeba kwa ajili ya dihe au kwa ajili ya macho ya wale wanawake.